Anza na mkia: namna ya kuyafungua majina ya Kilatini ya miji ya Wakelti

Kuna mdau alitupia picha kwenye grupu letu la WhatsApp, ukurasa wa mbele wa kitabu cha kale cha mimea, karatasi imeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na pale chini wanapoandikaga mji kilikochapishwa pameandikwa Lugduni Batavorum. Akauliza, wakuu hii ni wapi? Mi nikajibu fasta kama nimezaliwa huko, Lyon hiyo, Ufaransa, Lugdunum ndo Lyon kila mtu anajua. Dakika kumi baadaye akaja mwingine kaandika neno moja tu, Leiden. Ya Uholanzi. Na ye ndo alikuwa sahihi, mi nikabaki naiangalia simu. Lile neno Batavorum nililiruka kama halipo, kumbe jibu lote lilikuwa humo.

Toka siku hiyo nikaanza kuyasoma haya majina taratibu, na leo naandika ninavyofanya, kwa yeyote anayekutana nayo kwenye vitabu vya zamani, nyaraka za kanisa, au hata anayetaka tu kujua hizi timu za Ulaya anazoshabikia majina yake yametoka wapi. Huhitaji kujua Kilatini, ni kama nazi, ukijua pa kupiga inapasuka yenyewe.

Ilivyokuwa ni hivi. Kabla Warumi hawajatanuka, watu wa lugha za Kikelti walikuwa wametapakaa sehemu kubwa ya Ulaya, Hispania na Ureno, Ufaransa ambayo Warumi waliiita Galia, Uswisi, Austria, kaskazini mwa Italia, Uingereza, wakashuka na mto Danube mpaka Serbia, na kundi lingine mwaka 278 KK likavuka hadi Uturuki ya leo. Hao wa Uturuki unawajua tayari, ndo waliolipa jina jimbo la Galatia, lile la waraka wa Paulo kwa Wagalatia. Sasa Warumi walipokuja, Julius Caesar akiingia Galia kuanzia 58 KK na majeshi ya Claudius yakivuka kwenda Uingereza mwaka 43 BK, hawakujisumbua kubuni jina la kila mji. Walichukua la wenyeji wakalibandika mwisho wa Kilatini ili liingie kwenye sarufi yao, basi. Ngome kwa Kikelti ilikuwa dunon, wao wakaandika dunum. Kwahiyo ukizitoa zile herufi za mwisho, -um, -us, -a, mara nyingi unabaki na Kikelti kitupu.

Kabla ya yote lisome jina kwa sauti, na hapa sisi tuna bahati kuliko Waingereza maana irabu za Kilatini zinatamkika kama zetu. Cha kukumbuka ni vitu vitatu tu, c kila mahali ni k, v ni w, na g ni ile ya gari. Vindobona unasema Windobona. Mi nilikuwa nasoma kimya kimya na nilikuwa napitwa na mengi, ukitamka sikio linakamata kitu ambacho jicho limeruka.

Halafu anza na mkia, usianze na kichwa. Mkia ndo unaokwambia mahali penyewe palikuwa pa aina gani, ngome, soko, daraja au mlima, na mikia yenyewe haizidi kama kumi hivi, ukiishika hiyo umemaliza nusu ya kazi.

Mkubwa wao ni dunum, ngome, hasa ya juu ya kilima. Lugdunum ni Lyon, Virodunum ni Verdun, Melodunum ni Melun, Augustodunum ni Autun, Noviodunum mojawapo ni Nyon ya Uswisi, Eburodunum mojawapo ni Yverdon hukohuko Uswisi, Camulodunum ni Colchester ya Uingereza, Cambodunum ni Kempten ya Ujerumani, na Singidunum ni Belgrade, mji mkuu wa Serbia, hapo uone hawa watu walifika wapi. Angalia hiyo ya Wafaransa na Waswisi vizuri, Lyon, Verdun, Melun, Autun, Nyon, zote zinaisha -on au -un. Dunum imesagwa mdomoni miaka elfu moja na kitu mpaka ikabaki hiyo pumzi ya puani tu. Ukikuta mji mdogo wa Ufaransa unaishia hivyo na una kilima, wazo la kwanza ni dunum. Na neno lenyewe bado lipo hai, Ireland wanasema dún, kuna mji pembeni ya Dublin unaitwa Dún Laoghaire, yaani ngome ya Laoghaire.

Ukishaukata mkia ndo unaangalia kichwa, na hapo unakuta mungu, au mfalme, au sifa tu ya kawaida. Novio ni mpya. Vindo ni nyeupe. Rigo ni mfalme. Medio ni katikati. Camulos alikuwa mungu wa vita, kwahiyo Camulodunum ni ngome ya Camulos, na Warumi wakaenda kuweka koloni lao palepale mwaka 49 BK, haikupita miaka mingi Boudica, malkia wa kabila moja la Wakelti wa hukohuko Uingereza, akaja akaichoma moto yote. Lugus naye ni mungu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Lugdunum ni ngome yake. Lakini usidhani watu wa kale walikuwa na uhakika kutuzidi, kuna maandishi ya Kigiriki yanadai ni kilima cha kunguru, na kuna orodha ya zamani ya maneno ya Kigalia inasema ni mlima unaotamaniwa. Yaani wenyewe walikuwa wanabahatisha, na wao walikuwa karibu kuliko sisi.

Kichwa kikiwa ni Augusto, Julio au Caesaro basi umekuta jina la chotara, mtawala wa Kirumi kabandikwa kwenye mkia wa Kikelti. Augustodunum ilijengwa enzi za Augustus ili Waedui, kabila moja kubwa la Galia, waihame ngome yao ya zamani ya Bibracte kule juu mlimani washuke kwenye mji mpya wa Kirumi. Sisi mchezo huu tunaujua, Wajerumani waliiita Kasanga pale Ziwa Tanganyika Bismarckburg, yaani ngome ya Bismarck, na ng'ambo ya ziwa Wabelgiji wakawa na Albertville yao ambayo sasa ni Kalemie. Tofauti ni kwamba haya ya huku yaliondoka na wenyewe, Autun mpaka leo ina Augustus ndani, ameminywa tu mpaka amebaki "au".

Mkia wa pili ni magus, kiwanja au uwanda, baadaye mahali pa soko. Rotomagus ni Rouen, Rigomagus ni Remagen, Durnomagus ni Dormagen, Borbetomagus ni Worms. Uone tena mdomo unavyofanya kazi, Mjerumani kaubakiza mkia ukasomeka kabisa, -magen, Mfaransa kaumeza wote. Na hapa ndo kuna Noviomagus, soko jipya, ambayo ni balaa. Iko Noviomagus ambayo ni Nijmegen ya Uholanzi, iko Speyer ya Ujerumani, iko Chichester ya Uingereza, iko Lisieux ya Ufaransa, iko Noyon hukohuko Ufaransa, na Neumagen kwenye mto Mosel. Ni kama mtu akwambie kwao ni Mjimpya, lazima umuulize Mjimpya ya wapi. Warumi nao waliuliza, ndo maana wakaongeza jina la kabila nyuma yake, na hilo nitalirudia maana ndo lililoniaibisha.

Durum ni ngome au mahali palipozungushiwa ukuta, wengine wanasema mlango. Divodurum ni Metz, Salodurum ni Solothurn, Autessiodurum ni Auxerre, Vitudurum ni Winterthur. Hiyo Winterthur ukiitazama kwa Kijerumani utaapa ina neno la majira ya baridi ndani, haina, ni Vitudurum iliyovalishwa nguo za watu wengine. Uingereza dur- mara nyingi hukaa mbele badala ya nyuma, mfano Durobrivae ambayo ni Rochester. Briva ni daraja, kwahiyo hapo umepata ngome na madaraja kwenye jina moja. Briga ni mlima au ngome ya juu, na hii ukiikuta fikiria Hispania na Ureno kwanza, Segobriga, Conimbriga, Nertobriga, ila siyo lazima maana hata Boppard kwenye mto Rhine ilikuwa Baudobriga.

Zilizobaki nazipitia haraka. Bona inaonekana ilikuwa makazi au boma, Vindobona ndo Vienna ya Austria. Nemeton ni msitu au uwanja wa ibada, Augustonemetum ndo Clermont-Ferrand, na Wagalatia wa Uturuki nao walikuwa na mahali pa baraza lao pakiitwa Drunemeton, neno lilelile umbali wote huo. Condate ni makutano ya mito, Rennes ilikuwa Condate. Acum ni mahali pa fulani, kusini mwa Ufaransa imekuwa -ac kama Cognac, kaskazini mara nyingi imekuwa -y au -ai kama Cambrai iliyokuwa Camaracum, Ujerumani -ach kama Andernach iliyokuwa Antunnacum. Na Mediolanum, katikati ya uwanda, hii ni Milan. Lanum hiyo ni ndugu wa planum ya Kilatini, Kikelti kilikuwa na tabia ya kuiangusha p ya mwanzo, ukijua hilo unaona maneno mengi yanafunguka.

Sasa kabila. Jina likiwa na neno la pili linaloishia -orum au -um, hilo ni "la watu fulani". Lutetia Parisiorum, Lutetia ya Waparisii. Noviomagus Lexoviorum, soko jipya la Walexovii, ambalo ni Lisieux, wakati Noviomagus Reginorum ni Chichester. Usilifanye pambo hilo neno la pili kama nilivyofanya mimi, ni sehemu ya anwani. Na kwa Ufaransa ni zaidi ya anwani, maana mwishoni mwa dola ya Kirumi watu walianza kuliacha jina la mji wakabaki wanataja kabila tu, na hilo ndo lililofika kwetu. Lutetia imekufa, Waparisii wamebaki Paris. Durocortorum ya Waremi imekuwa Reims, Avaricum ya Wabituriges imekuwa Bourges, Agedincum ya Wasenones imekuwa Sens, Limonum ya Wapictones imekuwa Poitiers, Autricum ya Wacarnutes imekuwa Chartres. Wanamichezo mtanielewa haraka, Nantes ni Wanamnetes, Rennes ni Waredones, Angers ni Waandecavi, Troyes ni Watricasses, Metz ni Wamediomatrici waliofupishwa mpaka huwajui tena, yaani wikiendi ukiangalia ligi ya Ufaransa unaangalia makabila ya Wagalia yakipigana na Caesar hayupo.

Uingereza ni habari nyingine kabisa. Kule waliokuja baadaye waliongea Kiingereza cha kale, wakachukua kipande cha jina la mwanzo wakakipachika neno lao la ngome ya Kirumi, lililotokana na castra, ndo hizi chester, cester, caster na -eter unazoziona. Venta Belgarum ikawa Winchester, Corinium ikawa Cirencester, Isca ikawa Exeter, na Isca yenyewe ni jina la mto tu, mto Exe unapita pale mpaka leo. Manchester nayo, mwanzo ilikuwa Mamucium, wengi wanaona mam- hiyo ni titi la mama kwa sababu ya umbo la kilima, halafu wanakili wa zama za kati wakaiandika vibaya ikawa Mancunium, na kosa hilo ndo limewapa watu wa Manchester jina wanalojiita kwa Kiingereza, Mancunian.

Tuchukue moja tulifungue pamoja. Samarobriva Ambianorum. Neno la pili kwanza, -orum, kwahiyo ni la Waambiani. Mkia wa neno la kwanza ni briva, daraja. Kinachobaki ni Samaro, siyo mpya, siyo nyeupe, siyo mungu ninayemjua, na kwa kuwa ni daraja basi kichwa chake lazima tuushuku mto. Daraja la mto Samara. Tuko Galia, kwahiyo kanuni ya Ufaransa inasema tutafute mji wa leo wenye sauti ya Ambiani, na upo, Amiens. Unafungua ramani kwenye simu, unavuta karibu, mto unaopita Amiens ni Somme, ambao zamani uliitwa Samara. Imekaa. Caesar alikaa hapo majira ya baridi ya 54 KK, pengine akilivuka hilohilo daraja.

Hatua ya ramani usiiruke hata kama una uhakika. Dunum itafute kilima, Lyon kuna Fourvière. Briva itafute mto, condate itafute mito miwili. Usidai daraja lenyewe liwepo lakini, Darajani ya Zanzibar imebaki na jina wakati mkondo wa maji ulishafukiwa zamani. Baada ya hapo ndo unaenda kwenye orodha za watu, iko kamusi ya Graesse ya mwaka 1861 inaitwa Orbis Latinus, ipo bure kwenye intaneti, ina majina ya Kilatini kwa alfabeti na mji wa leo pembeni. Iko pia Tabula Peutingeriana, nakala ya zama za kati ya ramani ya barabara za Kirumi, ya ngozi, ndefu kama mita 7 hivi, imevutwa kama mpira mpaka Italia inaonekana kama mjusi, lakini majina na umbali kati ya mji na mji vimo. Mi naanza na kichwa changu kwanza halafu ndo kamusi, ukianza na kamusi hujifunzi kitu na ukikuta miji sita yenye jina moja utachagua ya kwanza.

Mitego ipo. Vienna kwenye maandishi ya Kirumi siyo Vienna ya Austria, ni Vienne iliyo kusini ya Lyon, mji wa Waallobroges, ya Austria si tumeona ilikuwa Vindobona. Conimbriga imetoa jina la Coimbra ya Ureno lakini ukienda Coimbra hauko Conimbriga, mji ulivamiwa na Wasuebi, kabila la Kijerumani, karne ya 5, watu na askofu wao wakahamia Aeminium ya jirani, na jina likahama nao, magofu ya Conimbriga yenyewe yako kilomita kadhaa kusini. Londinium iache kama ilivyo, wasomi hawajakubaliana na mtu akikukatia vipande vyake kwa kujiamini jua anakupiga kamba. Na York ndo kali kuliko zote, ilianza na Eboracum, ambayo eburo yake ni mti fulani wa porini wenye mbao walizokuwa wanatengenezea pinde, Waingereza wa kale wakasikia eofor, nguruwe pori, wakaita Eoforwic, Waviking wakaja wakatamka Jórvík, ikaishia York. Mwaka 1664 Waingereza wakaipa New York jina la ndugu wa mfalme wao, aliyekuwa na cheo cha Duke wa York, kwahiyo lile jiji lote la maghorofa limebeba mti wa Wakelti na wakazi wake hawana habari.

Kitu cha mwisho kwa wanaosoma vitabu vya zamani, pale chini ya ukurasa mji hauandikwi Lugdunum, unaandikwa Lugduni, Londini, Mediolani. Mswahili akiona hiyo -ni anafurahi, anasema si ndo yetu, mjini, sokoni. Maana ni ileile kweli, "huko Lyon, huko London, huko Milan", ila n ni ya shina lao na mkia ni -i peke yake, utaona kwenye Rotomagi na Eboraci ambako n hakuna. Kwahiyo ukikuta -i mwishoni rudisha -um au -us ndo uanze kukata. Ukikuta -ae rudisha -a, Lutetiae ni Lutetia.

Tukirudi kwa aibu yangu, Lugduni Batavorum, huko Lugdunum ya Wabatavi, na Wabatavi walikaa kwenye mdomo wa Rhine, Uholanzi, ningelisoma neno la pili ningejua. Na hapo kuna utamu zaidi, Lugdunum ya kweli ya huko ilikuwa pwani maeneo ya Katwijk, ni wasomi wa karne ya 16 waliosema ni Leiden, wakakosea, wachapaji wakaendelea nalo miaka mingi tu. Kwahiyo aliyenirekebisha alikuwa sahihi kuhusu kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa kimekosea kuhusu Warumi.

Juzi yule mdau katupia nyingine, Augustae Vindelicorum. Nikarudisha -ae, Augusta. Wavindelici, Wakelti wa upande wa Bavaria. Kanuni ya Ufaransa ingenipeleka kutafuta mji wenye sauti ya Vindelici, lakini Bavaria siyo Ufaransa, huko kabila ndo limedondoka Augustus akabaki, na wenyeji wakamuongezea burg yao. Nikafungua ramani kwanza, nikafungua na Graesse, ndo nikaandika, Augsburg, Ujerumani. Nikangoja dakika kumi. Hakuna aliyejibu kitu.